Samaki Hawali, Samaki Kapauka: Tafuta Kosa Kwenye Rangi

Watu hunijia na malalamiko ya rangi mara nyingi kuliko wanavyojua wenyewe. Mmoja atasema chambo chake kipya hakiguswi. Mwingine aliona samaki wa dhahabu akipandishwa mashuani, kafika sokoni kapewa wa kijivu, na ana hakika kabadilishiwa. Wa tatu ana bwawa la samaki, na mmoja amekuwa mweusi tii ilhali wenzake wote weupe. Kila mmoja anaye mtu wa kumlaumu tayari. Mimi humwuliza mambo matatu kwanza: ilikuwa saa ngapi, maji yalikuwa ya namna gani, na jicho linalotazama ni la nani. Nimevua na kuuza samaki hapa Malindi tangu ujana, na inaniuma kuona chambo kizuri kikitupwa na samaki mzuri akirudishwa kwa kutojua mambo hayo matatu.

"Chambo chekundu kinawaka, lakini chini hakiguswi"

Hili ndilo la kwanza, na nililifanya mwenyewe kwa miaka. Nikiingia dukani mkono ulikuwa ukienda wenyewe kwenye chambo chekundu, kwa sababu kwenye mwanga wa duka kinawaka kama kaa la moto. Nikikishusha pima kumi, kimya. Nikabadilisha ndoana, nikabadilisha chubwi, nikamfokea mpwa wangu kwamba anapiga kelele mashuani. Kijana wa watu hakuwa na kosa lolote.

Sababu ni kwamba maji hula mwanga, na huanza na nyekundu. Katika maji safi, ukishuka pima tatu hivi, yaani mita tano, wekundu umekwisha kupungua sana, na kwenye mita kumi umebaki kidogo mno. Machungwa hufuata, kisha manjano. Buluu ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote. Sasa, kitu chekundu hakitoi wekundu kutoka tumboni mwake. Hurudisha ule ulioletwa na jua. Jua lisipouleta, hakina cha kurudisha, basi kinakuwa cheusi. Mzamiaji aliyejikata kidole chini kule ameliona hili: damu humtoka ya kijani iliyokolea giza, na akipanda juu ndipo inapogeuka nyekundu.

Ndiyo maana samaki wengi wa kina na wa usiku wamevaa wekundu. Kungu mwekundu unayemwona ametandazwa juu ya meza ya mnada, huko alikotoka alikuwa kivuli kati ya vivuli. Wekundu wake ni maficho.

Kama huniamini, jaribu hivi. Kata vitambaa vitano vya ukubwa mmoja: chekundu, cha manjano, cha buluu, cheupe na cheusi. Vifunge kwenye kamba yenye chubwi, ushushe kando ya mashua siku ya Februari au Machi ambapo maji ni maangavu, kisha mtu avae miwani ya kuzamia ashuke nayo. Chekundu kitafuatana na cheusi mpaka ashindwe kuvitofautisha. Cheupe kitakuwa cha buluu. Baada ya jaribio hili hakuna mtu aliyewahi kubishana nami tena.

Maana yake si kwamba chambo chekundu ni kibovu. Kwenye kina kirefu unakitumia kama cheusi, na cheusi kina kazi yake. Ukitaka rangi ionekane kama rangi huko chini, chukua buluu au kijani. Ukitaka kitu kionekane tu, chukua cheupe. Na wanaopiga picha za majini wakaona kila kitu kimetoka buluu, ugonjwa wao ni huuhuu: shuka kidogo tu, au chukua tochi na usogee karibu.

"Narambaza juu kabisa, nyekundu bado ipo, mbona jodari hajali?"

Hapa maji hayana lawama. Pima moja chini ya uso wa bahari nyekundu ipo tele. Sasa uliza jicho ni la nani.

Wako wazee wanaoshikilia kwamba samaki haoni rangi kabisa. Ulaya pia, mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa macho Carl von Hess alisema hivyo, mpaka Karl von Frisch alipowazoesha vijisamaki vya mtoni kupata chakula penye rangi fulani, nao wakaifuata hata ilipowekwa kati ya vijivu vya kila kiwango. Kwa hiyo samaki wanaona rangi. Ila si wote, na si sawasawa.

Jicho lina seli za rangi, ziitwazo koni. Sisi binadamu tunazo za aina tatu. Samaki wa miambani wengi wanazo tatu au nne, na baadhi yao huona hata urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuna habari nao. Vipo vijisamaki vya matumbawe ambavyo kwetu ni vya manjano tupu, lakini usoni vina michoro ya urujuanimno ambayo wao kwa wao hutambuana kwayo. Jodari yeye anaishi kwenye bahari ya buluu, na seli zake za rangi zimeelemea huko: zambarau na buluu inayokaribia kijani. Nyekundu kwake ni giza.

Papa ni mbali zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuchunguza macho ya papa wa aina 17. Kumi hawakuwa na koni hata moja zilizoonekana, na saba waliobaki walikuwa na koni za aina moja tu. Mwenye aina moja hana cha kulinganisha nacho, kwa hiyo hatofautishi rangi. Yule anayekwambia papa anapenda chambo cha manjano, alichokiona ni papa akivutwa na kitu kinachong'aa juu ya maji yenye giza.

Kwa hiyo kwa samaki wa bahari kuu usifikirie rangi, fikiria kivuli. Anakutazama kutoka chini, na nyuma ya chambo chako kuna anga. Alfajiri, au siku ya mawingu, chambo cheusi au cha zambarau iliyokolea hukata umbo safi dhidi ya mwanga, na mimi ndicho ninachoanza nacho. Jua likipanda na maji yakawa ya buluu, nabadilisha: mgongo wa buluu, tumbo jeupe, kama dagaa wenyewe walivyoumbwa.

"Chambo kile kile, mahali pale pale, mwezi wa pili kililiwa na sasa hakiliwi"

Mwezi gani sasa? Ukiniambia Novemba au Desemba, nakuomba kwanza usimame pwani utazame maji.

Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, humwaga maji baharini kaskazini kidogo ya mji wetu. Mvua ikinyesha bara, hushuka na udongo mwekundu. Wakati wa kusi mkondo huusukuma udongo huo kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikiingia, unageuka kuja kwetu, unafunika ghuba na kufika hata kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1968. Mgeni huuliza kwa nini bahari ya Malindi ni ya chai. Mvuvi anapaswa kuuliza chai hiyo inafanya nini na mwanga.

Nayo hufanya kinyume cha maji safi. Majani yaliyooza na kuyeyuka mtoni hula buluu na zambarau kwanza. Rangi zinazopenya ni kijani cha manjano, manjano na machungwa. Chambo cha buluu kilichokuwa mfalme Februari, humu ni kipande cha giza. Juu ya hapo, chembe za udongo hutawanya mwanga kama ukungu, hata kitu chenye rangi nzuri hupotea urefu wa mkono mmoja tu.

Hapa kipo chombo ambacho ningependa kila mashua iwe nacho, na hakigharimu chochote. Mwaka 1865 padri na mwanafalaki wa Kiitaliano, Angelo Secchi, alikuwa kwenye meli ya Papa, yule mkuu wa Kanisa Katoliki, katika bahari ya Mediterania akishusha visahani vyeupe majini ili apime uangavu wake. Mpaka leo watafiti wa bahari duniani kote hutumia sahani ya Secchi. Wewe chukua mfuniko mweupe wa ndoo, utoboe katikati, funga uzito chini, na kamba yenye fundo kila nusu pima. Shusha upande wa kivuli cha mashua. Sahani ikipotea machoni, hesabu mafundo.

Kanuni ninayoifuata, na ni ya mkono wangu mwenyewe: ikipotea kabla ya pima moja, naacha habari ya rangi. Naweka chambo chenye harufu, ngisi aliyekatwa au dagaa, kwa sababu samaki wa maji haya anatafuta kwa pua na kwa ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Ikipotea kati ya pima moja na nne, naweka manjano, kijani cha manjano au machungwa, na kikubwa kuliko kawaida. Ikivuka pima tano au sita, narudi kwenye buluu na nyeupe. Au nafanya jambo rahisi zaidi: nakwenda nje mpaka pale maji yanapokutana, chai upande huu na buluu upande ule. Pale kwenye mstari ndipo kolekole na nguru huvizia.

"Walikuwa wakila vizuri, adhana ya magharibi ikaadhiniwa, wakanyamaza"

Hawajaondoka. Wanabadilisha macho.

Mbali na koni, jicho lina seli nyingine ziitwazo rodi, za mwanga hafifu, ambazo hazitofautishi rangi. Sisi tukiingia gizani mboni hufunguka. Samaki wengi mboni yao haifanyi kazi hiyo, kwa hiyo seli zenyewe ndizo zinazohama. Mchana rodi zimefukiwa ndani ya utando mweusi ulio nyuma ya jicho, koni zimejitokeza. Jua likizama hupeana zamu. Si kazi ya dakika moja. Wakati koni zimeanza kushindwa na rodi hazijawa tayari, samaki wa mchana huingia mapangoni na wa usiku bado hawajatoka. Mwamba unakuwa kimya kwa robo saa au zaidi. Anayenufaika ni tewa na wenzake wawindaji, ambao huona vizuri kidogo kuliko mawindo yao katika mwanga ule.

Dawa: usivute nanga. Ondoa chambo cha rangi, weka chakula halisi au kitu cheupe au cheusi, swali magharibi yako, subiri. Karibu na isha wataanza tena, lakini watakuwa wengine, wale wenye macho makubwa.

"Huyu siye samaki niliyemwona"

Hapa nawatetea mama karanga, wale wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, na wavuvi kwa pamoja, maana ugomvi huu nimeuamua mara nyingi.

Fulusi, ambaye kwenye boti za wageni huitwa dorado, hutoka majini na dhahabu, kijani na buluu zinazotembea mwilini mwake kana kwamba anapumua rangi. Akipigwa rungu hupauka na kuwaka tena kwa dakika kadhaa, kisha hutulia kwenye kijivu cha manjano. Hakuna aliyembadilisha.

Ngozi ya samaki ina seli za rangi zenye chembe nyeusi, manjano au nyekundu. Chembe zikitawanyika ndani ya seli, rangi hukolea. Zikikusanyika katikati, hupauka. Anayeziamuru ni mishipa ya fahamu na homoni. Buluu na fedha ni habari nyingine: kwa samaki karibu wote buluu hiyo haina rangi ndani yake, bali ni tabaka za fuwele nyembamba za guanini zinazorudisha mwanga kama vioo vilivyopangwa. Samaki akifa, amri zimekatika, chembe hulala zinapolala, vioo hulegea. Kwa hiyo fulusi wa kijivu anaweza kuwa wa asubuhi hii hii.

Tasi naye humponza muuzaji. Mchana juu ya majani ya bahari ana kijani kilichotulia. Akiogopa, au usiku, huvaa mabaka ya kahawia na meupe. Lema moja linaweza kutoa tasi wenye mabaka na wasio nayo, na mteja akadhani umechanganya wa jana na wa leo. Mkundaji naye hufanya kinyume cha wengine: aliye hai mchana huenda akawa mweupe mwenye mstari, na akifa akawa mwekundu. Wekundu huo usikudanganye kwamba ndiyo dalili ya ubichi.

Pima ubichi kwa vitu visivyoamriwa na mishipa. Jicho limejaa na linang'aa, au limezama na kupata ukungu? Matamvua ni mekundu au ya hudhurungi yenye utelezi? Bonyeza nyama, inarudi au inabaki shimo? Kisha nusa.

Kwa jodari aliyekatwa, jambo ni jingine tena. Nyama yake nyekundu ina mioglobini, protini inayoipa wekundu huo, na ikikaa kwenye hewa hugeuka kahawia. Ukahawia wenyewe si sumu. Na nyama iliyobaki nyekundu kama tikiti siku nyingi ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa kuwa huweza kuwa imepitishwa kwenye gesi ya kaboni monoksidi ili isibadilike. Hatari ya kweli haionekani kwa rangi hata kidogo: jodari, nguru au fulusi aliyeachwa juani hujenga histamini, nayo haiondoki kwa kukaangwa wala kupikwa. Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa kikamgonga. Kinga ni barafu tangu samaki anapotoka majini. Nawaomba sana wenye mashua: nunueni barafu kabla ya mafuta.

"Pono wawili, bei mbili, jina moja?"

Ndiyo, jina moja. Kwa wengi wa jamii ya pono, samaki huanza maisha na kahawia au wekundu uliofifia, na wengi wa hao ni majike. Baadaye baadhi yao hugeuka madume, na wakigeuka huvaa kijani na buluu. Yule wa kahawia uliyemdharau huenda angekuwa yule wa kijani uliyemsifu. Ukiona sehemu unayovua pono wa kijani wametoweka na wa kahawia ni wadogo mno, usiseme aina moja imehama. Wakubwa wamemalizwa, na wadogo hawajapata muda wa kugeuka. Pumzisha mahali hapo.

Kitatange mfalme yuko vivyo hivyo: mdogo ni wa buluu iliyoiva mwenye duara nyeupe, mkubwa ana mistari ya manjano. Wanasayansi wa zamani wenyewe waliwapa majina mawili.

"Samaki wangu wa bwawani wamepauka, na mmoja amekuwa mweusi"

Haya ni malalamiko mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Wote wakipauka pamoja, tazama chombo chao kwanza. Samaki hulinganisha mwanga wa juu na ule unaorudi kutoka chini, kisha huvaa rangi ya sakafu. Tangi jeupe la plastiki huwafanya weupe, na bwawa lililotandikwa karatasi nyeusi ya plastiki huwafanya weusi. Wakati mwingine ni kwa dakika chache. Wakikaa wiki nyingi, idadi yenyewe ya seli za rangi hubadilika. Kama ni samaki wa pambo waliokuwa na wekundu au umachungwa, tazama chakula. Rangi hizo hutokana na karotinoidi, na samaki hawezi kujitengenezea kutoka mwanzo, lazima azile. Hapa kwetu vichwa vya kamba hutupwa. Vikaushe, vitwange, changanya kidogo kwenye chakula. Toa wiki kadhaa kabla ya kuhukumu.

Mmoja akiwa mweusi peke yake, kuna njia mbili. Tilapia aliyeshindwa vita na wenzake hukoleza weusi kama kusema amesalimu amri. Utamwona pembeni, mapezi yameliwa. Mtenge, au punguza msongamano. Lakini kama hana jeraha na bado ni mweusi mchana kutwa juu ya sakafu nyeupe, shuku macho. Rangi ya sakafu huingia kwa jicho, na asiyeona hana habari kwamba sakafu ni nyeupe. Pitisha mkono taratibu kando ya bwawa, usiguse maji, kivuli kisimwangukie. Wenzake watashtuka. Asiposhtuka, rudia upande wa pili, kwa jicho la pili. Akiwa kipofu kweli, chakula cha kurusha huliwa na wenzake kabla hajakinusa. Mweke peke yake umlishe pole pole mahali pamoja, au muuze mapema kabla hajakonda.